Wanafunzi Walatino wa Kwanza Kufika Chuoni: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana inayorudiwa sana kuhusu vijana Walatino wa Marekani, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao wazazi wao hawakupata shahada ni kwamba familia zao hazithamini elimu. Historia inaikanusha waziwazi. Mwaka 1945 mkulima Gonzalo Mendez na wazazi wenzake walizishtaki wilaya za shule za Orange County, California, zilizokuwa zikiwatenga watoto wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1947 mahakama ya rufaa iliuthibitisha ushindi wao, miaka saba kabla ya hukumu ya Brown, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliitoa kupinga ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Hamu ya elimu imo nyumbani tangu zamani. Anayekosekana ni mtu aliyewahi kupita njia hiyo, anayejua fomu ipi hujazwa lini na nani wa kuulizwa.

Wengine hudhani kwamba kijana maskini akishakubaliwa chuoni, serikali humlipia kila kitu. Ruzuku ya Pell, ambayo ndiyo msaada mkuu wa serikali kuu usiorudishwa, ilikuwa na kikomo cha dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2024–25. Kiasi hicho kinaweza kumaliza ada ya chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili chenye ada nafuu, lakini kodi ya nyumba, chakula, vitabu na nauli hubaki palepale, na ndiyo maana wengi husoma huku wakifanya kazi. Tena ruzuku haiji yenyewe: ni lazima kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, inayodai taarifa za mapato ya wazazi. Fomu mpya ilipoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2023, wazazi wengi wasio na namba ya hifadhi ya jamii (namba ya utambulisho ambayo wahamiaji wasio na vibali hawapewi) walikwama kwa miezi kadhaa bila kuweza kukamilisha sehemu yao mtandaoni, ingawa watoto wao walikuwa raia wenye haki ya kuomba ruzuku hiyo. Mwalimu anayeketi na mama wa mwanafunzi mbele ya kompyuta, akamfafanulia kwa Kihispania kinachoulizwa na sababu yake, huenda akamwokolea kijana mwaka mzima, na kazi hiyo haistahili kuitwa ya ziada.

Wapo pia wanaodhani kwamba vijana hawa hawana uwezo; kuwajibu, mfano mmoja unatosha. Mwaka 1982 wanafunzi 18 wa mwalimu Jaime Escalante, katika shule ya Garfield, East Los Angeles, walifaulu mtihani wa kalkulasi wa ngazi ya chuo. Watahini waliwashuku 14 kati yao kuwa wamedanganya; 12 waliurudia mtihani, na wote wakafaulu.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari zaidi imo ndani ya vyuo vyenyewe: kwamba mwanafunzi asiyeomba msaada hauhitaji. Kijana ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mhadhiri hukaa ofisini kwa saa maalumu ili kuwapokea wanafunzi huona kubisha hodi ni kumsumbua mkubwa. Hata chuo kilichotambuliwa kisheria kuwa kinawahudumia Walatino hupata hadhi hiyo kwa sharti kuu la kuwa na angalau asilimia 25 ya wanafunzi Walatino, na sharti hilo halisemi lolote kuhusu jinsi wanavyolelewa. Patricia McGrath, mwalimu wa Kiingereza, na Felix Galaviz, mshauri wa wanafunzi, walilijibu tatizo hilo mwaka 1981 walipoanzisha mpango wa Puente katika Chabot College, Hayward: darasa la uandishi, ushauri wa masomo na mlezi mwenye taaluma kutoka katika jamii viliwekwa pamoja, vikawa sehemu ya masomo yenyewe.