Hati mbaya ya kuachishwa jeshi Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanajeshi wa Marekani anapotoka jeshini hupewa karatasi inayoitwa DD 214. Mwajiri ataiomba, chuo kitaiomba, hospitali ya maveterani itaiomba, na ofisa wa uraia naye ataiomba. Kisanduku namba 24 kinaeleza utumishi wake ulikuwa wa namna gani, na maneno machache yaliyopigwa chapa hapo yanaweza kumfuata mtu mpaka uzeeni.

Jambo hili linatuhusu pia sisi Waswahili. Wapo Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengineo waliovaa magwanda ya Marekani wakiwa na ukaazi wa kudumu tu. Wengine waliingia kwa programu ya MAVNI, iliyowapokea wageni wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji, Kiswahili kikiwa mojawapo, hadi iliposimamishwa mwaka 2016. Si wote walitoka salama. Wapo walioharibikiwa, wakarudi uraiani na karatasi wanayoificha hata kwa wake zao, na kilichowakalisha kimya zaidi ni maneno ya mitaani.

Madaraja ya hati hizi ni matano. Juu kabisa ni hati ya heshima. Chini yake ipo ya jumla, inayotolewa chini ya masharti ya heshima. Ya tatu ndiyo ile wenyewe wanaiita OTH, yaani chini ya masharti yasiyo ya heshima. Hii hutolewa kiutawala, bila mahakama. Mbili za mwisho, ya mwenendo mbaya na ya fedheha, hutolewa na mahakama ya kijeshi peke yake.

"Baada ya miezi sita itajirekebisha yenyewe"

Huu ndio uongo mkongwe kuliko wote, na ndio uliowaumiza wengi zaidi. Husikika siku ile ile ya kutoka. Kijana amefanya kosa, ameambiwa achague kati ya kusimama mbele ya mahakama ya kijeshi na kusaini aondoke na OTH. Anaogopa, anataka nyumbani. Mtu pembeni anamwambia: saini tu, baada ya miezi sita inageuka kuwa ya heshima. Anasaini.

Hakuna sheria wala kanuni ya jeshi lolote la Marekani inayopandisha hati kwa sababu muda umepita. Iwe miezi sita au miaka arobaini, hati inabaki kama ilivyoandikwa mpaka mwenyewe aombe na bodi ikubali. Ubaya wa dhana hii ni kwamba inamfanya mtu asubiri, na wakati yeye anasubiri, muda wake wa kuomba unakwisha.

"Nimechelewa, mlango umefungwa"

Na wale waliokwisha kugundua kwamba haijirekebishi huangukia dhana ya pili. Hapa inabidi kuzijua bodi zenyewe.

Ya kwanza ni Bodi ya Mapitio ya Hati. Jeshi la nchi kavu linayo yake, jeshi la anga yake, walinzi wa pwani yao; jeshi la maji na Marines wana moja ya pamoja. Bodi hizi zilianzishwa na sheria ya 1944, ile ile iliyowapa maveterani wa Vita Kuu ya Pili masomo na mikopo ya nyumba. Unaomba kwa fomu DD 293, na una miaka 15 tangu siku ya kuachishwa. Bodi hii haigusi hati iliyotolewa na mahakama kuu ya kijeshi.

Ya pili ni Bodi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi, ambayo wajumbe wake ni raia. Fomu yake ni DD 149. Kwa maandishi muda wake ni miaka mitatu tangu ulipogundua kosa katika kumbukumbu zako, na watu wengi wakisoma hapo hukata tamaa. Wasome mpaka mwisho. Sheria inairuhusu bodi kusamehe ucheleweshaji pale haki inapodai hivyo, na maveterani wa Vietnam wamesikilizwa miongo kadhaa baada ya vita. Ukichelewa, eleza kwa nini umechelewa: ulikuwa mgonjwa, hukujua, uliambiwa itajirekebisha. Kwa hiyo aliyevuka miaka 15 bado ana pa kwenda, na aliyekataliwa na bodi ya kwanza anaweza kwenda ya pili.

Kama bado uko ndani ya miaka 15, zingatia mpangilio. Bodi ya Mapitio inaweza kupitia jalada lako bila wewe kuwepo, au kukusikiliza ana kwa ana, siku hizi mara nyingi kwa video. Ukianza na jalada ukakataliwa, bado unaweza kuomba kusikilizwa. Ukianza na kusikilizwa, nafasi ya jalada umeipoteza. Wengi hukimbilia kusikilizwa kwa sababu wana mengi ya kusema, na hivyo kutupa nafasi moja kati ya mbili.

"Lazima nithibitishe kwamba sikufanya kosa"

Hapana, na hapa naomba msomaji atulie, maana ndipo kesi nyingi zinaposhinda au kushindwa.

Bodi inaanza kwa kuamini kwamba maofisa wa wakati ule walifuata taratibu. Kazi ya kuonyesha vinginevyo ni yako. Lakini kuna njia mbili. Unaweza kuonyesha kwamba utaratibu ulikiukwa. Au unaweza kukubali kwamba kosa ulilifanya, halafu uonyeshe kwamba adhabu haikuwa ya haki ukitazama mtu mzima, utumishi wake wote na yaliyompata. Wengi waliofanikiwa wamepita njia hii ya pili.

Mfikirie askari aliyerudi kutoka Iraq. Halali usiku, mlango ukigongwa anaruka, anaanza kunywa, anavuta bangi apate usingizi, anapimwa mkojo, anatolewa na OTH. Jalada lake linasema "dawa za kulevya" na basi. Hakuna aliyeandika kwamba kabla ya safari ile hakuwa na doa hata moja. Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel alitoa waraka ulioziagiza bodi ziwatazame kwa moyo mpana maveterani wenye kiwewe cha vita, hasa wale wa Vietnam, ambao walitoka jeshini kabla ugonjwa huo haujaingizwa rasmi katika vitabu vya matabibu. Waraka wa 25 Agosti 2017 ukapanua zaidi, ukiingiza majeraha ya ubongo, magonjwa mengine ya akili na waliodhalilishwa kingono wakiwa jeshini. Waraka huo unaziagiza bodi zijiulize maswali manne: Je, mwombaji alikuwa na hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Je, lilikuwepo wakati wa utumishi? Je, kweli linapunguza uzito huo? Na je, linazidi sababu za kumwachisha?

Jibu maswali hayo manne kwa mpangilio huo katika barua yako, kwa maneno ya kawaida. Cheti cha daktari kinasaidia sana, lakini waraka unasema wazi kwamba hata maelezo ya veterani mwenyewe yanaweza kutosha kuonyesha kwamba hali hiyo ilikuwepo. Mwaka 2018 ulifuata waraka mwingine, uliosainiwa na Robert Wilkie wa Wizara ya Ulinzi, unaohusu huruma na haki hata kwa asiye na ugonjwa: umri wake wakati wa kosa, muda uliopita, toba yake, alivyoishi tangu hapo. Mwenendo mwema peke yake hauipandishi hati, ila una uzito. Barua ya imamu au mchungaji, ya mwajiri, ya kocha wa timu ya mtaa: zote ziambatishe.

Anayedhani karatasi ya jeshi haikosei aitazame historia yake. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 zilitolewa hati 48,603 zilizochapwa kwenye karatasi ya buluu, ambazo hazikuwa za heshima wala za fedheha, na ambazo zilimfungia mtu misaada. Wanajeshi weusi walikuwa asilimia 6.5 ya jeshi la nchi kavu. Walipata zaidi ya asilimia 22 ya hati hizo. Kabla ya hapo, mwaka 1906, Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza bila heshima askari weusi 167 wa Brownsville, Texas, bila kesi yoyote mahakamani. Jeshi lilirudisha heshima yao mwaka 1972, wakati karibu wote walikwisha kuzikwa. Dorsie Willis, aliyesalia, alilipwa dola 25,000.

"VA haimtazami mwenye OTH"

Idara ya Masuala ya Maveterani, VA, haifungwi na neno la kisanduku 24 kwa kila mtu. Mwenye OTH, au mwenye hati ya mwenendo mbaya iliyotolewa na mahakama maalumu ya kijeshi, anaweza kuomba huduma, na VA itachunguza yenyewe kama utumishi wake ulikuwa wa fedheha kwa macho ya sheria yake. Kanuni mpya iliyoanza kutumika 25 Juni 2024 iliongeza kwamba, kwa baadhi ya makosa, VA izingatie mazingira yaliyomfikisha mtu hapo. Hata anayekataliwa mafao mengine kwa sababu ya OTH mara nyingi bado anaweza kutibiwa jeraha au ugonjwa alioupata kazini.

Tatizo liko mapokezini. Mtu anafika, karani anatupia jicho karatasi, anamwambia hustahili, naye anarudi nyumbani. Kauli ya mdomo si uamuzi. Omba kwa maandishi, udai jibu la maandishi, maana jibu hilo ndilo linalokatiwa rufaa.

Na aliyefikia mahali pa kutaka kujiua asingoje uamuzi wa mtu. Tangu 17 Januari 2023 VA inawalipia maveterani matibabu ya dharura ya namna hiyo, wakiwemo wengi wenye OTH waliotumikia zaidi ya siku 100 na kupelekwa vitani, au waliodhalilishwa kingono jeshini. Ndani ya Marekani piga 988, kisha bonyeza 1.

"Nikiwachokoza watanishusha zaidi"

Bodi ya Mapitio haina ruhusa ya kukupa hati mbaya kuliko uliyonayo. Hofu hii iondoke.

"Yangu ni ya jumla, inatosha"

Inatosha kwa matibabu na mengi mengine ya VA. Haitoshi kwa masomo: GI Bill ya baada ya 9/11, mpango unaowalipia maveterani masomo, inadai hati ya heshima kamili. Kijana mwenye ndoto ya chuo anayo sababu nzuri ya kuomba.

"Uraia nimeshaupata, hati hainihusu"

Hili linatugusa sisi kuliko Mmarekani wa kuzaliwa. Aliyepewa uraia kupitia utumishi wa jeshi tangu 24 Novemba 2003 anaweza kunyang'anywa uraia huo kama ataachishwa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla hajafikisha miaka mitano ya utumishi wa heshima. Na ambaye hajaupata, OTH inamfungia njia ile ya kijeshi. Hati ya jumla, kwa kuwa iko chini ya masharti ya heshima, inakubalika. Kwa hiyo kupanda daraja moja tu, kutoka OTH hadi ya jumla, kunaweza kumwokoa mtu wetu. Hati mbaya yenyewe si sababu ya kufukuzwa nchini, ila hukumu ya jinai inaweza kuwa. Mwenye hukumu azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

"Bila wakili wa pesa nyingi huwezi"

Fomu ni za bure na wakili si lazima. Vyama vya maveterani kama American Legion, DAV na VFW vina watu wa kusaidia bila malipo, na vyuo kadhaa vya sheria vina kliniki za maveterani. Jihadhari na anayedai pesa mbele akikuhakikishia ushindi. Hakuna wa kuuhakikisha.

Kabla ya kuandika neno lolote, agiza jalada lako lote kutoka kituo cha kumbukumbu cha St. Louis kwa fomu SF 180. Kagua pia nakala ya DD 214 uliyonayo. Nakala fupi haina visanduku vya mwisho, na wengi wanayo hiyo wakidhani ndiyo karatasi nzima. Unahitaji ile ndefu, yenye kisanduku 26 cha alama ya kutengana na jeshi, 27 cha alama ya kurudi jeshini, na 28 chenye sababu iliyoandikwa kwa maneno. Aliyetumikia jeshi la nchi kavu na kutoka kabla ya 1960 ajue kwamba moto wa 12 Julai 1973 uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 pale St. Louis, atahitaji picha, barua na mashahidi.

"Nikishinda, kila kitu kinarudi"

Si kila kitu. Bodi ya Mapitio inaweza kubadilisha daraja na sababu, lakini haikurudishi kazini wala haikupi pensheni ya ugonjwa. Hayo ni ya Bodi ya Kusahihisha. Vipo pia vizuizi vya VA vilivyowekwa na sheria yenyewe, kama utoro wa siku 180 mfululizo, ambavyo ushindi wa Bodi ya Mapitio hauviondoi, ila wa Bodi ya Kusahihisha unaviondoa. Mwenye utoro wa namna hiyo afikirie mapema atapeleka kesi wapi. Walioachishwa tangu 20 Desemba 2019 wana ngazi moja zaidi ya rufaa baada ya bodi zote mbili, mradi waombe ndani ya siku 365 tangu uamuzi wa mwisho. Na DD 214 mpya ikifika, ipeleke mwenyewe VA, chuoni na kwa wakili wako wa uhamiaji.