Jiji likipata janga, meya ana rungu gani hasa?

Kila masika Jangwani, Dar es Salaam, ikijaa maji na barabara ya Morogoro ikifungwa, mitandaoni maswali ni yale yale, meya yuko wapi, meya ajiuzulu. Ni haki ya watu kuuliza ila mara nyingi tunamdai mtu kitu ambacho hana mkononi. Kwa Tanzania meya anachaguliwa na madiwani wenzake na anaongoza vikao vya baraza, lakini watumishi na hela za kila siku ziko kwa mkurugenzi ambaye ni mteule wa Rais, na kamati ya maafa ya mkoa mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Meya anabaki kuvaa mabuti, kutoa pole na kupigwa picha.

Sisi tunaofuatilia uongozi wa miji tunaona nguvu yake wakati wa janga iko zaidi kwenye kusema ukweli mapema na kuwafanya watu wakubali kubanwa. Cape Town, Afrika Kusini, inaonyesha vizuri sana hili, tena ilionyesha kwa vurugu.

Mwanzoni mwa 2018 jiji lile la watu kama milioni 4 lilikuwa linaelekea kukauka baada ya miaka mitatu ya ukame. Meya wa kule ni mtendaji, ana meno kuliko wa kwetu, ila bwawa kubwa kuliko yote, Theewaterskloof, na mgao wa wakulima viko chini ya wizara ya taifa. Tarehe 18 Januari meya Patricia de Lille akatoka hadharani akasema 60% ya wakazi hawafuati kikomo cha lita 87 kwa mtu kwa siku, muda wa kubembelezana umeisha. Wiki hiyo hiyo baraza likamvua usimamizi wa ishu nzima ya ukame, maana alikuwa kwenye mgogoro na chama chake mwenyewe cha DA (Democratic Alliance), kazi akapewa naibu wake Ian Neilson, halafu aliyesimama mbele ya kamera kuongoza kampeni akawa Mmusi Maimane, kiongozi wa chama kitaifa wakati ule ambaye hakuwa na cheo chochote pale jiji! Yaani katikati ya janga mkazi hajui amsikilize nani.

Sasa kilichookoa ni nini? Kuanzia 1 Februari kikomo kikashuka hadi lita 50, bei ya maji ikapanda kwa wanaotumia sana, na jiji likaweka ramani mtandaoni yenye vidoti vya kijani kwa kila nyumba iliyo ndani ya kikomo, kwa hiyo unachungulia na ya jirani. Wengine walilalamika ni kuanikana, na mimi naona walikuwa na hoja, ila presha ile ilifanya kazi. Juu yake kulikuwa na tarehe, Siku ya Sifuri, ambapo mabwawa yakifika 13.5% bomba nyingi za majumbani zinafungwa na watu wanapanga foleni kwenye vituo kama 200 kuchukua lita 25. Hapo kila mtu akaelewa. Wakulima nao wakaachia maji ya mabwawa yao, siku ikasogezwa mbele mara kadhaa, na mvua za katikati ya mwaka zikamaliza kesi. De Lille aliachia umeya mwisho wa Oktoba 2018.

Seoul, Korea Kusini, 2015 ilikuwa fupi zaidi. MERS, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, umeingia, wizara ya afya inaficha majina ya hospitali, meya Park Won-soon usiku wa 4 Juni akaita waandishi akasema daktari mwenye virusi alihudhuria mkutano wa watu zaidi ya 1,500. Daktari mwenyewe alipinga maelezo yale, serikali kuu ikakasirika, lakini tarehe 7 ikatoa orodha ya hospitali. Meya hakutumia polisi wala sheria mpya, alitumia kipaza sauti tu.

Kwa kwetu, rungu la meya liko kwenye bajeti, kwa sababu lazima ipite kwenye baraza analoongoza. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, maana yake mitaro ya masika ya Machi hadi Mei inasafishwa kwa hela iliyopitishwa karibu mwaka mzima nyuma, wakati jua linawaka na hakuna anayeuliza. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, nenda ukae kule nyuma usikilize mitaro imepangiwa shilingi ngapi.