Nembo ya ufunguzi ni nini? Tumtazame bundi wa Psygnosis

Ukiwasha gemu, kabla menyu haijafunguka, hutokea picha au kipande kifupi cha video chenye jina la kampuni. Hiyo ndiyo nembo ya ufunguzi. Mara nyingi huja zaidi ya moja. Kwa kawaida hutangulia ya mchapishaji, yaani kampuni iliyotoa fedha, ikazalisha disketi au CD na kuzisambaza madukani. Kisha hufuata ya studio, wale walioandika programu na kuchora wahusika.

Wengi huzichanganya hizo mbili, na sijui nembo inayofaa kuwafafanulia kama bundi wa Psygnosis. Kampuni hiyo ya kuchapisha gemu ilianzishwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1984. Bundi wake alichorwa na Roger Dean, msanii wa majalada ya santuri za bendi ya Yes: uso unaong'aa kama chuma kilichosuguliwa, macho yanakukazia kutoka gizani, na jina la kampuni kwa herufi nene za kipekee. Sisi tuliolelewa tukiambiwa bundi akilia juu ya paa ana habari mbaya, uso ule kwenye kioo cheusi unatugusa zaidi.

Aliyewasha Lemmings mwaka 1991 alimwona bundi, na ilikuwa rahisi kudhani gemu imetengenezwa Liverpool. Kumbe ilitengenezwa na DMA Design, huko Dundee, Scotland. Shadow of the Beast ya 1989 nayo ilikuwa kazi ya studio nyingine, Reflections. Bundi alikuwa muhuri wa aliyeileta sokoni. Wipeout ya 1995, kwa upande wake, Psygnosis waliitengeneza wenyewe.

Nembo ilikuwa na kazi nyingine pia. Disketi ya kompyuta ya Amiga ilibeba kilobaiti 880 tu, tena ilisomwa polepole. Picha moja iliyotulia haihitaji nafasi kubwa, kwa hiyo iliweza kupakiwa mapema. Wewe unamtazama bundi, huku kisoma disketi kinakoroma kikivuta sehemu iliyobaki.

Sony iliinunua Psygnosis mwaka 1993, jina likaja kuachwa, na studio ya Liverpool ikafungwa mwaka 2012. Kampuni ikishakufa, nembo yake hubaki hai ndani ya gemu zake tu, na hata humo haina usalama. Gemu ya zamani ikitolewa upya, mara nyingi nembo ya kale hukatwa ikawekwa ya mmiliki mpya. Haki anayo, lakini mimi naona ni hasara kubwa, sawa na kung'oa ukurasa wa kitabu wenye jina la mchapishaji na mwaka. Ndiyo maana wahifadhi makini hunakili disketi nzima, biti kwa biti, pamoja na sekunde zile za mwanzo. Ukiifungua nakala ya namna hiyo leo kwenye emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta ya zamani, kioo hubaki cheusi kidogo, kisha bundi anatokea.