Eksirei, CT na MRI: tunayoyaamini Kisumu na ukweli wake

Dhana: MRI ni ghali kuliko zote, kwa hiyo inashinda zote.

Hii nakutana nayo karibu kila wiki katika chumba cha picha. Kijana mmoja alimleta babake kutoka Ahero, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki: dalili za kiharusi. Fomu imeandikwa CT ya kichwa, yaani eksirei inayozunguka kichwa na kukionyesha vipande vipande. Kijana akanivuta kando: "Daktari, tumeuza ng'ombe. Mpige ile kubwa, MRI."

Nilimweleza hivi. CT ya kichwa ni ya dakika chache, na inaonyesha vizuri sana kama damu imevuja ndani ya ubongo. Ikiwa imevuja, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua mzee. Kama haijavuja, dawa hiyo hiyo inaweza kumrudishia mkono wake, mradi apewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. MRI huchukua dakika 20 hadi saa nzima, na mgonjwa asitikisike. Uti wa mgongo, kano za goti, uvimbe mdogo wa ubongo: hapo MRI haina mpinzani. Lakini mzee huyu aliamka mzima, akapinda mdomo akinywa chai. Dakika hizo hatukuwa nazo.

Dhana: Mashine zote zina mionzi, na mionzi hubaki mwilini hadi unywe maziwa ya kuisafisha.

Altrasaundi ni mawimbi ya sauti, MRI ni sumaku na mawimbi ya redio. Zenye mionzi ni eksirei na CT, nazo hazilingani. Eksirei moja ya kifua ni kama mionzi ya asili tunayoipata kila mmoja kwa siku 10 hivi. CT ya tumbo ni kama ya miaka 2 hadi 3. Ndiyo maana nauliza ulipigwa CT mara ya mwisho lini, na kama una mimba. Mashine ikishazima, hakuna mionzi iliyobaki ndani yako, kwa hiyo maziwa hayana cha kusafisha. Kunywa kwa sababu una njaa.

Dhana: Picha safi, basi hakuna ugonjwa.

Hii inaniumiza zaidi. Kijana wa boda akianguka huko Kondele hujikinga kwa kiganja. Kuna mfupa mdogo kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ambao ufa wake mara nyingi hauonekani siku ya kwanza. Ukibonyezwa hapo ukaruka kwa maumivu, daktari atakufunga plasta hata kama eksirei ni safi, urudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe tena. Wengi huikata plasta wenyewe kwa kisu nyumbani. Mfupa huo damu yake ni haba. Usipotulizwa unaweza kukataa kuunga kabisa, na mkono unaoshika breki ukabaki na maumivu miaka yote.

Rudi siku uliyopangiwa, ubebe na picha ya kwanza tuzilinganishe.