Kambare huyu ni kilo ngapi? Kukadiria uzito kwa tepu na mipaka yake

Malalamiko yanayoifikia ofisi yetu kutoka Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, Kaunti ya Lamu, yanafanana sana. Mvuvi anasema kambare wake ni kilo sita, mnunuzi anasema hazifiki tano, na hakuna mizani karibu. Upande mwingine wako wavuvi wa mshipi wanaovua kwa kujiburudisha, wanaotaka kumrudisha samaki majini akiwa hai lakini pia wanataka kujua uzito wake. Wote hawa wanaweza kusaidiwa na tepu. Hata hivyo tepu ina kazi yake na mizani ina yake, na ugomvi mwingi unatokana na kuzichanganya.

Hesabu yenyewe ni fupi. Pima urefu kwa sentimita, pima mzingo kwa sentimita, yaani duara la mwili pale penye unene mkubwa kuliko pote. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 28,900. Jibu ni kilo. Kambare wa sentimita 90 mwenye mzingo wa sentimita 38: 38 mara 38 ni 1,444, mara 90 ni 129,960, ukigawanya unapata kilo 4.5.

Namba 28,900 imetokana na kanuni ya wavuvi wa mshipi wanaopima kwa inchi na ratili, ambao hugawanya kwa 800. Ni kanuni ileile, vipimo ndivyo vimebadilishwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu tepu ya fundi cherehani, ambayo ndiyo inayofaa zaidi kwa kazi hii, ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Ikijigeuza mkononi ukasoma mzingo wa inchi 15 ukidhani ni sentimita 15, kambare wetu wa kilo 4.5 atakuwa na gramu 700. Kosa la namna hiyo huonekana upesi. Yanayodhuru ni makosa madogo yasiyojionyesha.

La kwanza ni la urefu. Urefu haupimwi kwa kulaza tepu juu ya mwili wa samaki. Tepu ikifuata mviringo wa tumbo au mgongo inaongeza sentimita ambazo samaki hana. Mlaze samaki pembeni ya kipimo kilichonyooka, kuanzia ncha ya mdomo uliofungwa hadi ncha ya mkia. Sharubu za kambare hazihesabiwi. Jambo hili tulidhani halihitaji kuandikwa, lakini tumeletewa vipimo vilivyoanzia kwenye sharubu. Mkia wa kambare ni wa mviringo, hauna panda, yaani haukugawanyika katikati, kwa hiyo hakuna utata wa wapi pa kuishia. Kwa samaki wa baharini mambo ni mengine: nguru hupimwa hadi kwenye panda ya mkia, na sulisuli, ambaye wanaovua Malindi na Watamu humtia alama na kumwachilia, hupimwa kuanzia taya la chini, kwa kuwa mdomo wake mrefu wa juu huweza kuvunjika. Vipimo vya samaki hao visichukuliwe vikaletwa ziwani.

Kosa la pili ni la mzingo, nalo ni kubwa zaidi, kwa sababu mzingo unazidishwa mara mbili. Ukikosea urefu kwa asilimia 5, uzito unakosewa kwa asilimia 5. Ukikosea mzingo kwa asilimia 5, uzito unakosewa kwa asilimia 10 na zaidi kidogo. Mrudie kambare wetu. Tepu ikilegea ukasoma 41 badala ya 38, anakuwa kilo 5.2. Urefu nao ukipimwa juu ya mwili ukatoka 94, anafika karibu kilo 5.5. Hapo kilo nzima imeongezeka, wala hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo mzingo upimwe hivi. Pitisha tepu nyuma kidogo ya mapezi ya ubavuni, pale tumbo linapojaa, kisha isogeze mbele na nyuma mpaka upate namba kubwa kuliko zote. Pezi la mgongoni la kambare ni refu, linaanzia karibu na kichwa na kwenda hadi karibu na mkia. Lilaze chini ya tepu, lisisimame. Mapezi ya ubavuni yabaki nje, na uangalie mwiba wake, una meno na unachana mkono. Tepu iguse ngozi bila kuzama tumboni. Pima mara tatu na uchukue kipimo cha katikati. Uzi unaovutika haufai, na tepu ya chuma ya fundi seremala haikunjiki vizuri na inakwangua ute wa samaki.

Ili kambare asikuponyoke, chukua bomba la plastiki lenye upana wa inchi 6, lipasue kwa urefu wake, ziba ncha moja, chora sentimita ndani, kisha lilowanishe kabla ya kumweka samaki. Mdomo uguse ncha iliyozibwa. Ni chombo cha bei nafuu na kinamaliza nusu ya mabishano ya urefu.

Wako wanaosema samaki mwenye urefu mara mbili ana uzito mara mbili. Si kweli. Akirefuka mara mbili ananenepa pia na kupanuka, kwa hiyo uzito unakaribia mara nane. Samaki wa sentimita 40 mwenye nusu kilo akifika sentimita 80 kwa umbo lilelile anakaribia kilo nne. Tafadhali tuliache hili dai, limewapotosha wauzaji na wanunuzi kwa muda mrefu.

Kuna jambo la maana zaidi kuliko kukariri 28,900. Samaki angekuwa mviringo kama gogo tangu mdomoni hadi mkiani, ungegawanya kwa takriban 12,600. Kwa kuwa anachongoka ncha zote mbili, mwili wake unajaza kama asilimia 43 tu ya gogo hilo. Sehemu hiyo haiwi sawa kwa kila aina ya samaki, wala kwa kila majira. Kambare ana kichwa bapa, perege ana mwili mpana uliobanwa ubavuni. Ziwa likipungua kwa kiangazi, kambare hubaki na kichwa kikubwa na mwili mwembamba, na hapo urefu peke yake hudanganya kabisa. Masika, jike mwenye mayai hutuna tumbo.

Kwa hiyo kila bandari itafute kigawanyo chake, yaani namba ya kugawanyia badala ya 28,900. Chukua samaki wasiopungua 20 wa aina moja, wadogo kwa wakubwa, ambao hawajatumbuliwa. Wapime urefu na mzingo, kisha uwapime kwa mizani iliyokaguliwa. Kwa kila mmoja, zidisha mzingo kwa mzingo kwa urefu, ugawanye kwa kilo za mizani. Samaki wa sentimita 70, mzingo 30, kilo 2.1, anatoa 30,000. Tafuta wastani wa namba zote. Hicho ndicho kigawanyo chenu. Rudieni majira yakibadilika, na perege wawe na chao. Samaki aliyetumbuliwa, au aliyekaa juani akakauka, asiingizwe katika hesabu hii.

Kwa anayemwachilia samaki: lowanisha mikono, mshike amelala, usimning'inize kwa taya, na upimaji usizidi dakika moja. Kambare huweza kuvuta hewa, ndiyo, lakini ngozi na matamvua yake yanahitaji unyevu. Kumwacha juani kwa madai kwamba "kambare hafi" ni kumuua taratibu.

Sasa upande wa sheria, na hapa tunaomba tueleweke vizuri. Kadirio la tepu halitumiki kuuzia samaki kwa kilo. Mizani ya biashara iko chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, na lazima iwe imekaguliwa na kupigwa mhuri. Mizani ndogo za kuning'iniza zinazouzwa kwa ajili ya mizigo ya safari hazikidhi hilo zikiwa hazina mhuri. Kutumia mizani isiyo na mhuri katika biashara ni kosa, na kupunja uzito ni kosa jingine la peke yake. Mtu anaweza kushtakiwa kwa yote mawili na mizani yake ikachukuliwa.

Mwenye lalamiko afanye hivi: asimkate wala kumtumbua samaki, aandike tarehe, saa, mahali, aina ya samaki, urefu, mzingo na uzito aliosomewa, apige picha ya mizani ikionyesha sehemu ya mhuri, kisha apeleke kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya bandari hiyo na kwa afisa wa vipimo wa kaunti. Katika daftari la mapato ya samaki, uzito uliokadiriwa uandikwe wazi kwamba ni kadirio, na vipimo viwili viandikwe kando yake. Kilo zilizoandikwa bila vipimo hatuwezi kuzihakiki, na lalamiko la namna hiyo hurudishwa kwa mwenyewe akalikamilishe.