Taa ya DPF ikiwaka, tafuta kwanza masizi yanatoka wapi

Siku hizi magari mengi ya dizeli yanayoletwa kwangu hapa Arusha hayaletwi kwa injini iliyokufa. Yanaletwa kwa sababu taa ya njano imewaka kwenye dashibodi, gari limekosa nguvu kupanda mlima, na mwenyewe ameshashauriwa kijiweni kwamba dawa ni moja: toa DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi), futa taa, endelea na safari. Mazda CX-5 za dizeli, Prado na Hilux za miaka ya karibuni, malori ya Dutro na Canter yaliyoshuka bandarini yakiwa na chujio hilo, zote napokea malalamiko yake ni hayo hayo. Msimamo wangu ni kwamba chujio likijaa kabla ya wakati wake, kosa mara nyingi si la chujio. Kuna kitu huko mbele kinachotengeneza masizi kupita kiasi, au kinachozuia masizi yasichomwe, na ukilitoa chujio kitu hicho kinabaki pale pale kikiendelea kuila injini yako.

Kwanza chombo chenyewe. DPF ni chujio la kauri lililokaa ndani ya bomba la ekzosi. Lina vijia vyembamba vingi sana, kimoja kimezibwa mwanzoni na cha jirani yake kimezibwa mwishoni, hivyo moshi hauna njia ila kupenya ukuta na kuacha masizi nyuma. Masizi yakifika kiwango fulani kompyuta ya injini huyachoma: huongeza dizeli kidogo hadi joto ndani ya chujio lifike karibu nyuzi 600 za Selsiasi, na masizi hugeuka gesi yakatoka. Toyota za injini ya 1GD zenye DPF zina nozeli ya tano kwenye ekzosi kwa ajili ya kazi hiyo. Mazda hupuliza dizeli ya ziada ndani ya silinda baada ya mwako mkuu. Kinachobaki baada ya kuungua ni jivu, ambalo hutokana hasa na oili ya injini, na jivu haliungui hata ulipe joto gani. Kwa hiyo “DPF imejaa” inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali sana. Iliyojaa masizi inaweza kusafishwa na gari lenyewe barabarani. Iliyojaa jivu lazima ishushwe.

Kompyuta haioni ndani ya chujio. Inategemea sensa ya presha yenye mipira miwili midogo, mmoja umetoka mbele ya chujio na mwingine nyuma yake, na inalinganisha. Mimi huanzia hapo, kabla sijafungua kitu kingine chochote. Mpira ukipasuka, ukiyeyuka au ukiziba kwa masizi na maji, kompyuta inadanganywa, na gari zima linaingia hali ya kujilinda kwa sababu ya kipande cha mpira. Gari lililopita miaka mingi kwenye mashimo na vumbi la njia za mbugani, mipira hiyo huwa imekauka. Kuibadilisha ni kazi ndogo na ya bei ndogo, lakini nimeona watu wakiambiwa wanunue chujio jipya bila mtu kuigusa.

Halafu themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza yasizunguke hadi injini ipate moto. Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sababu ninayokutana nayo sana huku kwetu na ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote. Gari likichemsha mara moja tu, fundi wa kwanza anang'oa themostati ili maji yazunguke muda wote. Kwa injini za zamani kama 1HZ gari litaendelea kutembea, ingawa nako si sawa. Kwa injini yenye DPF umefunga mlango wa kuchoma masizi. Kompyuta inataka injini ipate moto wake wa kawaida, nyuzi 80 na zaidi kwa injini nyingi, ndipo iruhusu kuchoma. Bila themostati, asubuhi ya Julai hapa Arusha, au ukiteremka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu bila kukanyaga mafuta, joto linashuka chini kabisa na linakaa huko. Juu ya hayo, injini ya baridi hupewa dizeli nyingi zaidi, na dizeli hiyo haiungui vizuri. Unaongeza masizi huku umezuia njia ya kuyaondoa. Mwenye gari hajui lolote, kwa sababu geji ya joto kwenye dashibodi inakaa mahali panapoonekana pa kawaida. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ndiyo inaonyesha nyuzi halisi. Kama gari lako liliwahi kuchemsha na “likatengenezwa”, uliza waziwazi: themostati mliirudisha?

Hewa nayo ina sehemu yake. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ni nyepesi, turbo inafanya kazi zaidi ili kuijaza injini. Mpira wa turbo uliochanika kidogo, ambao dereva wa Dar es Salaam angeweza kukaa nao muda mrefu bila kuhisi, huku juu unajionyesha haraka: moshi mweusi kabla ya chujio, nguvu zinapungua, chujio linajaa tena wiki chache baada ya kusafishwa. Eakilina (chujio la hewa) iliyojaa vumbi hufanya vivyo hivyo. Nozeli inayovuja ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mbali na masizi inaweza kutoboa pistoni.

Kuna magari ambayo hayana ubovu wowote ila matumizi. Mama mmoja wa Njiro alikuja na CX-5 iliyotunzwa vizuri sana: shule, kazini, sokoni, nyumbani. Hakuna safari hata moja iliyofika nusu saa. Gari la namna hiyo linaanza kuchoma, linazimwa katikati. Linaanza tena, linazimwa tena. Dizeli iliyopulizwa kwa ajili ya kuchoma inateremka pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Nilipochomoa kijiti cha oili mbele yake, oili ilikuwa imepanda juu ya alama ya kujaa. Alishangaa, alizoea kusikia kwamba oili hupungua. Kwenye kijiti cha Mazda hizi kuna alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikiikaribia, usisubiri kilomita za sevisi zitimie, badilisha. Oili iliyochanganyika na dizeli imekuwa nyepesi, na inayoumia ni turbo na beringi.

Na oili unayoweka iwe ile yenye jivu kidogo. Kwa gari dogo tafuta maandishi ACEA C3 au JASO DL-1 kwenye kopo, kwa lori la Kijapani JASO DH-2. Oili nzito ya kawaida ya dizeli inalinda injini, ila inaacha jivu jingi, na nimeshasema jivu haliungui.

Kama taa ya DPF, ile ya kiboksi chenye vidoti, imewaka peke yake na haimweki, bado una nafasi. Hakikisha mafuta yamezidi robo ya tangi, kwa sababu magari mengi hayakubali kuchoma chini ya hapo. Kisha lipeleke gari safari ya dakika 20 hadi 30 bila kusimamasimama, mwendo wa 70 au 80, gia ya chini kidogo ili resi ikae juu ya 2,000. Kwa mtu wa Arusha mimi hupendekeza njia ya Kisongo kuelekea Makuyuni kuliko ya Moshi; ya Moshi ina vijiji vingi vya kilomita 50 kwa saa, Tengeru, Usa River, Kikatiti, hutapata mwendo wa kutulia. Ukisikia feni ya rejeta inapiga kwa nguvu na harufu kama ya chuma cha moto, kazi inaendelea. Usizime. Na tafadhali usiegeshe juu ya nyasi kavu wakati huo. Nawaomba hasa madereva wa watalii na wanaokatiza nyika za Monduli kiangazi: bomba lile lina joto la kuwasha moto.

Taa ya DPF ikianza kumweka, au ikiwaka pamoja na cheki injini, usilazimishe. Masizi yakiwa mengi mno na yakashika moto kwa mpigo, joto linapanda kuliko kauri inavyoweza kuvumilia na chujio linapasuka. Hapo ni mashine ya kusomea kwanza.

Wenye Dutro, Canter na Elf za Japani wana jambo lao. Malori mengi ya namna hii yana kitufe kwenye dashibodi chenye maandishi ya Kijapani, na madereva wengi hawajawahi kuambiwa ni cha nini. Kazi yake ni kuchoma masizi gari likiwa limesimama. Taa ikimweka, egesha mahali pa wazi penye changarawe au lami, gia iwe fri, handibreki juu, injini inawaka, bonyeza. Resi itapanda yenyewe na itakaa hivyo kwa muda, pengine zaidi ya dakika 15. Iache imalize. Dereva anayeona resi imepanda akadhani gari limeharibika na kulizima, amekatisha kazi ambayo gari limekuwa likiiomba tangu asubuhi.

Sasa kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta huhifadhi ikiona tatizo. Watu huja na kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, wameona P2463, na wameshaamua: chujio. P2463 inasema masizi ni mengi, haisemi nani kayaleta. Angalia ilivyo na wenzake. Ikija pamoja na P0299, presha ya turbo ni ndogo, tafuta mpira uliochanika. Ikija na P0401, mtiririko wa EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini) ni mdogo. P2452 au P2453 ni habari za ile sensa ya presha na waya zake. P242F ndiyo ya jivu, na hapo chujio lishushwe lisafishwe kwa vifaa vyake, kisha kompyuta iambiwe kwamba limesafishwa. Bila hatua hiyo ya mwisho itaendelea kuhesabu jivu ambalo halipo. Kuliwekea petroli na kuliwasha moto nyuma ya gereji si kusafisha. Kauri inapasuka, na mtu anaweza kuungua.

EGR nitaipitia haraka. Inarudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili joto la mwako lishuke na gesi za oksidi za naitrojeni zipungue. Inashika masizi, inanata, na husafishwa. Kuiziba kwa kibati, kama wengi wafanyavyo, kwenye gari lenye DPF huleta P0401, na kompyuta nyingi zikiona hitilafu ya EGR zinasimamisha uchomaji wa chujio. Umeziba kimoja, umeua viwili.

Kwa malori mapya ya Ulaya yanayopita hapa kwenda Namanga, na baadhi ya magari madogo, kuna AdBlue, kimiminika kinachopulizwa kwenye ekzosi ili kichocheo kipunguze gesi hizo hizo za naitrojeni. Ni urea asilimia 32.5 kwenye maji safi kabisa. Huku kwetu kwenye mashamba, wazo la kuyeyusha mbolea ya urea ndani ya ndoo linakuja upesi, na nimeliona likitekelezwa. Usifanye. Mbolea ina biureti kuzidi kiwango cha asilimia 0.3 kinachoruhusiwa, ina madini na vumbi, na inaacha chumvi nyeupe zinazoziba pampu, nozeli na kichocheo chenyewe. Nunua kopo lililofungwa, angalia tarehe yake, lisikae juani. Na gari likianza kuhesabu kilomita zilizobaki kabla AdBlue haijaisha, chukua hesabu hiyo kama ilivyo: kwa magari mengi madogo ikifika sifuri ukizima haliwaki tena, na malori hukatwa nguvu.

Wanaolaumu dizeli yetu, wanasahau kwamba tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kiberiti (salfa) ndani ya dizeli kisizidi sehemu 50 kwa milioni. Ulaya na Japani ni 10, ndiyo, lakini kwa 50 chujio linaishi. Dizeli ya madumu ya pembeni mwa barabara ni habari nyingine.

Kuhusu kukata DPF. Kaka mmoja aliniletea Prado iliyotolewa matumbo ya DPF kwenye gereji nyingine, kompyuta ikaandikwa upya ili isilalamike. Taa ilizima, na ndiyo hasa iliyomponza: turbo iliendelea kuvuja, na hakuna kilichobaki cha kumwambia. Lakini hata gari lingekuwa zima, bado ningekataa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Masizi yale yanatoka kwenye usawa wa uso wa mtoto anayesubiri kuvuka pale Kijenge, wa mama muuza ndizi Sakina, wa vijana wa bodaboda wanaokaa nyuma ya magari yetu kwenye foleni kutwa nzima. Chujio lilipokuja ndani ya gari lako lilikuwa linawalinda hao. Sitalitoa, na nawaomba mafundi wenzangu mkatae pia, hata mteja akipandisha dau.

Ukija na gari lenye taa hizi, kwangu au kwa fundi mwingine, usifute kodi na usichomoe betri kabla. Kwenye kompyuta kumehifadhiwa joto, mwendo na resi ya ule wakati taa ilipowaka, na ukifuta vinapotea. Njoo na mafuta kuanzia nusu tangi, na jina la oili uliyoweka mara ya mwisho. Kama gari liliwahi kuchemsha, anza kwa kunieleza hilo.