Tui halimalizi faida ya mchicha

Tangu jirani yangu aambiwe apunguze mafuta, nyumba nzima inakula mchicha wa kuchemsha kwa maji na chumvi. "Nazi inaua vitamini," anasema. Juzi nilimkuta jikoni: jungu linatokota, majani yamegeuka kahawia, na yale maji ya kijani anayamwaga karoni.

Basi vitamini zilikuwa humo karoni. Vitamini C na foleti huyeyuka kwenye maji, na moto mrefu huziharibu. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hukaa kwenye jani, lakini bila mafuta kidogo tumbo huifyonza kwa shida. Tui lina mafuta hayo. Kwa hiyo bibi zetu wa Unguja na Pemba, kwa kifumbu na mbuzi ya kukunia, hawakukosea.

Jirani ana hoja moja: mafuta ya nazi yana asidi nyingi za mafuta za aina inayopandisha kolesteroli. Basi tui jepesi, la mkamuo wa pili, linatosha. Tia mchicha tui likishachemka, geuza mara mbili tatu, epua ungali kijani. Ndimu ikamulie sahanini. Huusaidia mwili kupata chuma cha majani.

Kisamvu ni habari nyengine. Hicho kina sumu ya sianidi, kitwange na ukichemshe hasa kabla ya kutia nazi. Usiniletee kisamvu cha dakika tano.